HAIKU NI NINI, NA SISI TUNAWEZA KUIANDIKA NAMNA GANI?



Mwaka uliopita, mzee aliyelinda lango la internati yetu usiku alifariki. Mnakumbuka. Kwa siku ya mazishi tulipokea mashairi manane katika sanduku la gazeti hili. Yote yalianza na “Ee kifo!”, yote yalisema moyo umepasuka, na machozi yalikuwa mito na bahari. Sisi wenyewe tuliandika moja, beti tano, na tulilisoma mbele ya jeneza kwa sauti kubwa. Kesho yake hakuna mtu aliyekumbuka hata mstari mmoja. Hata sisi tulioliandika tulikuwa tumesahau.

Lakini kulikuwa na karatasi ya tisa, imepasuliwa kutoka kaye ya hesabu. Mtoto mmoja wa klasi ya kwanza alikuwa ameandika hivi:

Tochi ya mzee
ingali msumarini.
Lango limefungwa.

Basi, ni hayo tu. Katika komite wengine walicheka: “Hii haiko shairi, ni habari tu!” Hatukulisoma siku ya mazishi, na leo tunaona haya juu ya jambo hilo. Kwa maana mistari ile mitatu ilitoka kinywa hadi kinywa katika internati, na mpaka sasa wako watu wanaoisema polepole wakipita langoni jioni.

Tulipomwonyesha mwalimu wetu wa Kifaransa karatasi ile, alisema: “Mtoto huyu amekaribia haiku bila kujua.” Haiku? Tulimwuliza maana yake, tukatafuta katika vitabu, na tukajaribu wenyewe. Haya ndiyo tuliyopata. Tunayaandika kusudi karatasi ya namna ile ikija tena, tusiitupe.

1. Asili yake

Haiku ni shairi fupi sana la Japani. Zamani halikuwa shairi la peke yake. Wajapani walikuwa na mchezo wa kutunga pamoja, jina lake renga. Mmoja anatoa ubeti, mwenzake anajibu, wa tatu anaendelea, mpaka beti 36 au hata 100. Ubeti wa kwanza kabisa uliitwa hokku. Ulikuwa kama mlango wa nyumba: ulipaswa kusema wako katika majira gani ya mwaka, na kuwakaribisha wote waliokaa pale. Kwa hiyo alipewa mtu anayeheshimiwa, na mafundi walianza kuupenda hata ukisimama peke yake.

Fundi mkubwa kuliko wote aliitwa Matsuo Bashō (1644–1694). Mwaka 1689 aliondoka mji wa Edo, ndio Tokyo ya leo, akatembea pamoja na mwanafunzi wake Sora katika inchi za kaskazini karibu miezi mitano, karibu kilometa 2,400, mingi yake kwa miguu. Katika kitabu cha safari ile alichanganya maneno ya kawaida na haiku: anaeleza njia, kisha anasimama na mistari mitatu, kisha anaendelea. Maandiko ya namna hiyo yanaitwa haibun. Bashō alikufa akiwa safarini, katika mji wa Osaka.

Baada yake alikuja Chiyo-ni (1703–1775), mwanamke aliyejulikana sana kwa haiku zake. Wadada wa klasi zetu wasiseme kwamba kazi hii ni ya wanaume. Kisha Buson (1716–1784), aliyekuwa mchoraji pia, na Issa (1763–1828), ambaye tutamrudia. Mwisho Masaoka Shiki (1867–1902). Ndiye aliyetoa ubeti ule katika mchezo wa renga kabisa, akaupa jina hili la haiku. Shiki alikuwa na kifua kikuu kilichoingia mpaka katika uti wa mgongo. Miaka yake ya mwisho aliishi juu ya kitanda, akiandika vitu anavyoviona kutoka pale, na alikufa akiwa na miaka 34. Aliwafundisha wenzake kuandika kama mtu anayechora: tazama kitu kwanza, ndipo useme.

2. Hesabu ya silabi

Kila mtu anayejua kidogo juu ya haiku anajua hesabu hii: 5, 7, 5. Jumla 17. Wajapani mara nyingi huiandika katika mstari mmoja unaoshuka kutoka juu hadi chini, lakini sikio linasikia vipande vitatu.

Hapa Kiswahili chetu kina bahati. Katika Kijapani karibu kila silabi inaishia na vokali, sawa na kwetu. Tena, sisi tunahesabu “m” ya “mtoto” kuwa silabi kamili: m-to-to, tatu. Wao vilevile wanahesabu “n” ya mwisho: neno lao la kitabu, hon, kwao ni mbili, ho-n. Vokali ndefu inahesabiwa mara mbili, kwa hiyo Tokyo kwao ni nne: To-o-kyo-o. Mwenye kusema Kiswahili anaelewa mambo haya upesi kuliko mwenye kusema Kifaransa.

Waliosoma mashairi ya pwani wanajua kwamba huko silabi zinaitwa mizani, na shairi la kawaida lina mizani 16 katika kila mstari, mistari minne katika ubeti. Basi haiku nzima ni mstari mmoja wa shairi la pwani, na mizani moja juu yake. Ubeti mmoja wa pwani una mizani 64. Angalieni namna nyumba hii ilivyo ndogo!

Lakini kuna taabu. Maneno yetu ni marefu. “Hatutawasahau” ni neno moja, na lina silabi saba: ha-tu-ta-wa-sa-ha-u. Mstari wote wa katikati umejaa. Kwa hiyo katika haiku ya Kiswahili unapata maneno machache tu. Ukitia neno kubwa la bure, umekula nafasi ya kitu cha kweli.

Tulijaribu kuitengeneza ile ya tochi kusudi iingie katika hesabu, maana yake ni 6, 8, 6. Tukapata hii:

Taa ya lindo
ingali ukutani.
Lango kimya tu.

Hesabuni: tano, saba, tano. Hesabu ni safi, na shairi limekufa. Mzee ametoka. Tochi, ambayo sote tuliijua, imekuwa “taa” ya mtu yeyote. Msumari umepotea, na ule msumari ndio uliokuwa unaonyesha kwamba mkono wake hautarudi kuichukua. Tumejifunza hivi: hesabu ni mtumishi, si bwana. Kwanza jaribu kweli kuitii, kwani inakulazimisha kuchagua. Lakini ikikutaka uue kitu ulichokiona, zidisha silabi moja, usiogope. Bashō mwenyewe alizidisha mara nyingine.

3. Majira, na mkato

Haiku ya desturi ina vitu viwili zaidi ya hesabu.

Cha kwanza ni neno la majira, wanaliita kigo. Neno moja tu linaonyesha wakati wa mwaka. Wajapani wana majira manne, na wana vitabu vinavyopanga maelfu ya maneno hayo: maua ya mti fulani ni mwanzo wa joto, mdudu fulani anayelia ni katikati ya joto, mwezi mkubwa ni wakati wa majani kuanguka. Sisi hatuna theluji, na mtu asiandike juu ya theluji ambayo hajaiona. Lakini tuna majira yetu. Mtu akisema “kumbikumbi”, nani hajui kwamba mvua zimeanza? Akisema vumbi juu ya majani ya migomba, nani hajui kwamba tuko katika kipwa? Tulijaribu:

Kipwa kirefu:
ndoo tupu kwa bomba
zangoja zamu.

Neno “kipwa” limefanya kazi kubwa. Halihitaji kusema jua ni kali, udongo umepasuka, wamama wamechoka. Wewe msomaji umeyaleta mwenyewe.

Cha pili ni mkato. Wajapani wana maneno madogo ya kukata, wanayaita kireji, yasiyo na maana kubwa. Yanakuambia “simama hapa kidogo”. Yanagawa shairi katika sehemu mbili, na sehemu hizo zinaangaliana. Sisi hatuna maneno hayo, lakini nukta mbili, au kistari, au nukta tu inatosha. Angalieni hii:

Mvua yaja —
muhogo ungali nje,
mama sokoni.

Upande mmoja ni mvua inayokuja. Upande wa pili ni muhogo ulioanikwa, na mama ambaye hayuko. Katikati hakuna neno “kwa hiyo”, hakuna “ole wetu”. Lakini kila mtoto anayeijua kazi ya muhogo anaanza kukimbia ndani ya moyo wake. Nafasi ile ya katikati ndiyo haiku. Mwandishi anaiacha wazi, na msomaji anaingia.

4. Jambo kubwa: onyesha kitu, usitaje huzuni

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi wote tunaanguka. Katika masomo tunafundishwa kueleza: utangulizi, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, mwisho. Ni vizuri, na mtihani wa Serikali utatuomba hivyo. Lakini tumezoea sasa kufikiri kwamba neno kubwa linabeba uchungu mkubwa. Si kweli. Neno “huzuni” halimhuzunishi mtu yeyote. Ni sawa na kuandika “chakula” juu ya sahani tupu.

Turudi kwa Issa. Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto mdogo sana. Alioa akiwa na miaka zaidi ya 50. Watoto wanne wa ndoa ile wote walikufa wangali wadogo. Binti yake Sato alikufa mwaka 1819 kwa ndui, na mke wake Kiku alikufa mwaka 1823. Mtu kama huyu alikuwa na haki ya kulia kwa kurasa mia. Ameacha zaidi ya haiku 20,000, na mingi yake inasema juu ya nzi, konokono, vyura, shomoro, watoto wanaocheza. Hata juu ya kifo cha binti yake aliandika maneno machache sana, juu ya umande. Nasi tukiyasoma leo, watu wa inchi nyingine kabisa, tunanyamaza.

Juu gani? Tunafikiri ni hivi: huzuni ya Issa ni yake, hatuwezi kuichukua. Lakini umande tunaujua. Akituonyesha umande tu, sisi wenyewe tunaweka juu yake wale tuliowazika. Ndiyo maana ile tochi ya mzee ilishinda beti zetu tano. Sisi tulikuwa tunaonyesha machozi yetu. Mtoto yule alimwonyesha mzee.

Wafaransa pia walijaribu njia hii. Mwaka 1905, Paul-Louis Couchoud, aliyekuwa amefika Japani, alitoa pamoja na marafiki wawili kitabu kidogo cha haiku za Kifaransa, walizotunga katika safari ya mashua. Na mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu, askari Julien Vocance alitoa haiku mia juu ya vita, kutoka katika mahandaki. Hakuwa na nafasi ya kufanya hotuba. Aliandika alichokiona. Katika inchi yetu, ambako wengi wetu tumeona vita au tumewapokea ndugu waliokimbia, tunafikiri njia hii inaweza kutusaidia kusema yale ambayo hotuba haziwezi.

5. Ndugu za haiku

Tanka ni kaka mkubwa wa haiku, mzee kuliko yeye kwa miaka mia nyingi. Ana mistari mitano: 5, 7, 5, 7, 7, jumla 31. Katika karne ya 8 Wajapani walikusanya kitabu kinachoitwa Man'yōshū, chenye mashairi zaidi ya 4,500, na mengi yao ni tanka. Ndani yake kuna wafalme, lakini kuna pia askari wa kawaida waliotumwa kulinda mipaka mbali na wazazi wao. Tofauti ni kwamba tanka inakubali moyo useme kidogo. Tuichukue ile ya mvua na kuiongezea mistari miwili:

Mvua yaja —
muhogo ungali nje,
mama sokoni;
nami huku klasini
nahesabu matone.

Sasa mtu ameingia katika picha. Si nzuri zaidi, si mbaya zaidi. Ni kazi nyingine.

Senryū ina hesabu ya haiku, lakini haiombi majira wala mkato. Inawachekelea wanadamu na udhaifu wao. Jina limetoka kwa Karai Senryū (1718–1790), aliyekuwa mwamuzi wa mashindano ya beti kule Edo. Mfano wetu, na tunaomba mlezi wa internati atusamehe:

Sala ni ndefu —
jicho moja li wazi:
sombe yapoa.

6. Swali moja tulilopewa

Ndugu mmoja alituuliza: “Mambo haya si ya dini nyingine? Sisi ni shule ya Kiprotestanti.” Ni kweli, Bashō alijifunza mafundisho ya Budha, na Issa pia alikuwa wa dini hiyo. Hatufichi. Lakini hesabu ya silabi haina dini, na Wakristo wa Japani wanaandika haiku vilevile. Katika Biblia yetu Zaburi ya 119 ina mistari 176, na Zaburi ya 117 ina miwili tu. Hakuna aliyesema ile fupi si zaburi. Na mtu anayetazama vizuri kitu kidogo ambacho Mungu amekiumba, hatufikiri kwamba anafanya vibaya.

7. Namna ya kuanza

Haya ndiyo yametusaidia sisi:

a) Usikae mezani ukitafuta wazo. Toka nje na biki na karatasi. Andika kitu kimoja ulichokiona, kusikia, kunusa au kugusa leo.
b) Tumia wakati wa sasa: “yaja”, “zangoja”. Haiku ni jambo linalotendeka machoni.
c) Futa maneno haya: huzuni, furaha, uzuri, upendo, maisha, moyo. Kikibaki kitu, endelea. Kisipobaki kitu, anza upya.
d) Usitoe fundisho mwishoni. Methali inafundisha, haiku inaonyesha. Zote mbili ni nzuri, lakini usizichanganye.
e) Hesabu kwa vidole, kisha soma kwa sauti. Kama unakosa pumzi, imekuwa ndefu.

Na namna ya kusoma: soma mara mbili, kisha nyamaza. Usiulize upesi “ina maana gani?” Uliza “ninaona nini?” Maana itakuja nyuma.

8. Tufanye kukai

Wajapani wana mkutano wa haiku unaoitwa kukai. Kila mtu anaandika haiku zake kwenye vipande vya karatasi bila jina. Vinachanganywa, na watu wengine wanazinakili kusudi mwandiko usijulikane. Kisha karatasi zinazunguka, kila mtu anachagua zile alizopenda, na zinasomwa kwa sauti. Mwishoni ndipo mwenyewe anataja jina lake. Katika mkutano kama huo mwanafunzi anaweza kumshinda mwalimu, na hakuna aibu.

Tunataka kufanya hivyo hapa. Sanduku liko mahali pake, karibu na tablo ya matangazo. Leteni haiku, tanka au senryū, mbili tu kwa kila mtu, bila jina. Walimu wetu pia tunawaomba, pamoja na wapishi na walinzi. Sisi wa komite tutazinakili kwa mkono mmoja. Karatasi zetu ni chache, lakini katika ukurasa mmoja ambapo zamani tuliweka shairi moja la beti kumi, tutaweka watu ishirini.

Na ile ya tochi ya mzee, tunaichapa leo kwa mara ya kwanza, kama mlivyoona hapo juu. Tulichelewa. Mtoto yule sasa yuko klasi ya pili, na ameomba tusitaje jina lake. Tunamwomba msamaha, na tunamshukuru.

Tubaki na amani.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho,
kwa niaba ya komite ya gazeti